Maswali Yaliyogeuka Majibu: Mbinu Shirikishi na Fikra Tunduizi katika Darasa la Fasihi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mwanafunzi wa sekondari anavyoweza kufundishwa kufikiri kihakiki kwa kushirikishwa darasani, badala ya kumiminiwa maelezo. Darasa ninalolizungumzia ni la fasihi ya Kiswahili, na shule ninazozizungumzia ni zile za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Tandale na Bunju huko Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi huko Temeke. Sekondari nilisoma Kinondoni. Mazoezi ya kufundisha nikayafanyia Temeke, katika shule ya kata ambayo mkondo mmoja wa kidato cha tatu ulikuwa na wanafunzi 74. Ni shule za namna hiyo zinazowasubiri wengi wetu tutakapohitimu. Kwa hiyo nadharia ya ufundishaji isiyoweza kusimama Mbagala Rangi Tatu saa saba mchana, bati likiwa limeshika moto, mimi naiona ni nadharia ya kujibia mtihani tu.

Hoja yangu ni nyepesi kuitaja, ngumu kuitekeleza. Mbinu shirikishi peke yake haileti fikra tunduizi. Wanafunzi wanaweza kukaa katika vikundi mwaka mzima na wasifikiri hata siku moja. Kinachowafanya wafikiri ni swali lenye majibu yanayogongana kweli, pamoja na sharti kwamba kila asemaye aonyeshe ushahidi. Nitaongeza dai la pili ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenzangu: sehemu ya kikwazo tunayo sisi wenyewe, watu wa uhakiki. Maswali ambayo taaluma yetu iliyauliza kwa ujasiri zamani, leo yamegeuka majibu ya kukaririwa.

Fikra tunduizi si mgeni wetu

Siku hizi neno hili halikosekani kwenye semina yoyote ya walimu. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulihama, angalau kwenye karatasi, kutoka kumpa mwanafunzi maarifa na kwenda kumjengea umahiri. Mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika kwa awamu Januari 2024, imelikazia zaidi jambo hilo. Matokeo yake wapo wanaodhani kwamba fikra tunduizi ni kitu kilicholetwa na wafadhili, kikafika pamoja na posho za semina. Sivyo hata kidogo.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea alitaja mambo ambayo elimu ya Tanzania lazima iyajenge kwa kijana: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine huku akikataa au kurekebisha yasiyomfaa, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Ajabu ni kwamba tulichokumbuka zaidi ni jembe. Shule zikalima, zikafuga kuku, zikauza mayai. Akili ya kudadisi tukaiacha kitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika nchini Paulo Freire, Mbrazili aliyeifananisha elimu ya kukaririsha na kuweka fedha benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza, siku ya mtihani anarudisha. Hivyo hata kwa maandishi tu, mazungumzo haya tunayo kwa zaidi ya nusu karne.

Tena kabla ya hao tulikuwa na fasihi simulizi. Kitendawili ni nini kama si zoezi la kukataa maana ya kwanza inayokuja kichwani? Na wahenga hawakutuachia methali za kukubaliana tu. Walisema haraka haraka haina baraka, wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayezijua zote mbili halazimiki kuitii yoyote; analazimika kupima.

Ukitaka kuiona tafakuri hiyo ikifanya kazi bila mtaala, kaa kwenye kijiwe cha kahawa Tandika au Mwananyamala siku moja baada ya mechi ya Simba na Yanga. Mtu akidai refa kaonea, anaulizwa papo hapo: dakika ya ngapi? Uliona mwenyewe au umesimuliwa? Mbona mechi iliyopita mlinyamaza? Hoja isiyo na ushahidi inachekwa, na mwenyewe anaambiwa akanywe kahawa yake. Kijana yuleyule kesho yake akiambiwa darasani kwamba dhamira kuu ya kitabu ni hii na msimamo wa mwandishi ni huu, haulizi ukurasa wa ngapi. Anaandika. Kwa hiyo tusiseme watoto hawawezi kufikiri. Tuseme wanaacha fikra zao getini, kwa sababu wameshajua kwamba ndani hazihitajiki.

Lipo jambo lingine linalolipa somo letu nafasi ya pekee, nalo ni lugha. Katika sekondari zetu masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, Kiswahili kikiwa somo. Mwanafunzi wa Mbagala anayetaka kumpinga mwalimu wa historia au biolojia hana budi kwanza apambane na sarufi. Akishamaliza kuipanga sentensi, mjadala umeshapita. Kipindi cha Kiswahili ni miongoni mwa saa chache katika wiki ambapo anaweza kubishana kwa lugha anayoitumia kupatana bei sokoni. Tukikifanya nacho kuwa kipindi cha kukariri, tumemfungia mlango wa mwisho.

Maswali yalivyogeuka majibu

Sasa tujitazame wenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980 uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hapa Dar es Salaam ulikuwa na moto. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976; F.E.M.K. Senkoro akatoa Fasihi mwaka 1982. Wahakiki wa wakati huo hawakuridhika na kusifu ufundi wa vina na mizani. Waliuliza: kazi hii inamtumikia nani? Mgogoro huu chanzo chake ni nini? Mwandishi amesimama upande upi? Katika maswali hayo walimu wa shule walipata msamiati: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa, muundo, mtindo, wahusika, mandhari.

Yalikuwa maswali. Sasa fungua desa lolote la kidato cha nne uone yamekuwa nini. Dhamira: ya kwanza, ukombozi wa mwanamke, ya pili, mapenzi, ya tatu, umaskini, ya nne, malezi. Msimamo wa mwandishi: wa kimapinduzi. Falsafa: anaamini kwamba jamii itabadilika ikielimika. Desa la kitabu kingine linafuata, nalo lina orodha ileile, majina tu ndiyo yamebadilika. Mimi bado sijakutana na desa lenye mwandishi asiye mwanamapinduzi. Wote ni wa kimapinduzi, hata yule ambaye katika ukurasa wa mwisho amewarudisha wahusika wake palepale walipoanzia.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Mwanafunzi amefundishwa kwamba kuhakiki ni kujaza vichwa vya habari. Wala hahitaji kusoma kitabu. Anahitaji kupata desa. Nasi tunaokuja kuwa walimu tumepita njia hiyohiyo, na wengi wetu tumefika chuoni tukiwa na madesa hayo begini.

Hasara yake haiishii kwenye mtihani. Mtu aliyezoeshwa kupokea hitimisho bila kudai ushahidi atalipokea hivyohivyo tangazo la mganga, ahadi ya mgombea na ujumbe unaosambazwa kwa simu. Wengi wanaukumbuka mpango wa DECI, uliosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu waliambiwa wapande mbegu wavune, wakapeleka akiba zao, na miongoni mwao walikuwamo wenye vyeti. Swali lililohitajika lilikuwa jepesi mno: faida hii inatokana na kazi gani? Darasa la fasihi halitamfundisha mtu hesabu za riba. Lakini linaweza kumzoesha kuuliza nani anasema, anasema kwa manufaa ya nani, na ushahidi uko wapi. Si ndiyo yaleyale maswali ya wahakiki wetu wa zamani?

Kelele si tafakuri

Jibu linalotolewa kila mahali ni mbinu shirikishi. Nami naliunga mkono, ila kwa sharti. Katika andalio la somo tunayo safu ya shughuli za mwanafunzi, na wengi wetu tunajaza humo maneno yaleyale: wanafunzi wanajadili katika vikundi. Basi madawati yanageuzwa, karatasi za bango zinagawiwa, kiongozi wa kikundi anafungua desa chini ya dawati na kunakili. Baada ya dakika ishirini mmoja anasimama kusoma, mwalimu anasema mpigieni makofi, kikundi kingine kinaitwa. Mwisho mwalimu anaandika ubaoni orodha aliyokuja nayo. Kuna kutembea, kuna kuongea, kuna karatasi ukutani, lakini hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya mawazo mawili.

Kipimo changu ni hiki: je, mwanafunzi yeyote ametoka kipindini akiwa na wazo tofauti na aliloingia nalo, na anaweza kueleza kwa nini? Kama hakuna, hapo tumehamisha madawati tu.

Mfano wa kazi iliyofaulu hatuna haja ya kuufuata mbali. Mwaka 1996 idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama (yuleyule Penina Muhando tuliyemtaja) na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele, ilianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Nyuma yake kulikuwa na uzoefu wa maonyesho ya maendeleo vijijini, kama ile kazi iliyofanyika Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tuseme ililenga wasichana watambue na kuyasema wenyewe yanayowakwamisha shuleni. Wanafunzi ndio waliochunguza matatizo yao, wakachambua vyanzo, wakatunga mchezo, wakauonyesha mbele ya wenzao na walimu. Kisha mjadala ulifunguliwa, na mwishowe wakapanga hatua za kuchukua. Baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu, iliueneza mradi huo katika nchi nyingine za bara letu.

Tazama mpangilio wake. Mchezo wa kuigiza haukuja mwisho kama burudani ya kufungia kazi. Ulikuja katikati, ukiwa swali. Makofi yalipokwisha, kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Huo ndio utaratibu niliojaribu kuutia katika vipindi vya dakika themanini huko Temeke, kwa kazi tatu ninazozieleza hapa chini.

Kazi ya kwanza: methali zinazogombana

Hii haihitaji kitabu, na inafaa kwa siku za mwanzo. Ubaoni andika methali mbili zinazopingana, kwa mfano zile za haraka na kungoja. Kila dawati, wawili au watatu walioketi pamoja, wachague moja na kutaja hali halisi mtaani kwao ambamo methali hiyo ndiyo sahihi na ile nyingine ingempoteza mtu. Marufuku ni moja tu: haruhusiwi mtu kusema inategemea mazingira, bila kuyataja mazingira yenyewe.

Wanafunzi wangu walianza kwa woga. Kisha mmoja akasema kwamba pale kituoni Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi, mwenye kuamini haraka haraka haina baraka atafika shule saa nne. Darasa likacheka, ila dawati la nyuma likajibu kwamba wiki iliyopita kuna mtu aliyeingilia dirishani akaibiwa simu. Sasa wa kwanza alilazimika kufikiri upya: je, haraka ndiyo iliyomponza, au kuingilia dirishani? Kwa swali hilo walikuwa wamefika mahali pa maana, yaani kutenganisha sababu na jambo lililotokea tu karibu na sababu. Hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni mantiki.

Kazi ya pili: kesi ya Ngoswe

Tamthiliya ya marehemu Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, imesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi chini ya mtaala wa 2005. Karani wa sensa anatumwa kijijini, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na makaratasi ya Serikali yanaishia motoni kwa hasira ya mzee. Madesa yote yanasema dhamira ni uzembe kazini na madhara ya mapenzi. Jina la kitabu lenyewe limeshatoa hukumu. Ndiyo maana nikalipeleka mahakamani.

Darasa la watu 74 haliwezi kuwa na wasemaji 74, hivyo niligawa kazi. Upande mmoja ulimshitaki Ngoswe, wa pili ukamshitaki Mzee Mitomingi, wa tatu ukamshitaki mwajiri aliyemtuma Ngoswe. Waliobaki wakawa wazee wa baraza. Kanuni zilikuwa tatu. Ya kwanza, hakuna hoja bila ukurasa. Ya pili, mzee wa baraza yeyote anaweza kumkatiza msemaji kwa maneno mawili tu: ukurasa gani? Ya tatu, katikati ya kesi pande zinabadilishana, aliyekuwa akishitaki anatetea.

Yaliyotokea yalinifunza mengi kuhusu kitabu hicho. Msichana mmoja alianza kwa kusema, "Mwalimu, penzi halikubeba makaratasi. Aliyebeba ni Ngoswe." Kwa sentensi hiyo alikuwa amelipinga jina la kitabu, jambo ambalo mimi katika miaka yangu ya shule sikusikia likifanywa. Kijana wa upande wa tatu akadai kwamba karani hakuandaliwa vya kutosha. Wazee wakaguta: ukurasa gani? Akapekua, akapekua, akanyamaza. Nikaandika hoja yake pembeni mwa ubao, chini ya neno dhana. Kufikia mwisho wa kipindi ubao ulikuwa na safu tatu: kitabu kinasema, sisi tunahisi kutokana na kitabu, sisi tungependa iwe hivyo. Nadhani safu hizo tatu zina uhakiki mwingi kuliko desa zima.

Palepale mmoja akaingiza sensa ya Agosti 2022, aliyoiona nyumbani kwao. Makarani walikuja na vishikwambi, si makaratasi. "Sasa Ngoswe wa leo angechomewa nini?" Wakabishana: kifaa kikiungua, taarifa zilizokwisha kutumwa haziungui. Kwa hiyo je, kilichomponza Ngoswe ni penzi, au ni utaratibu uliotegemea bunda moja la karatasi lisilo na nakala? Swali hilo sikuwa nalo kwenye andalio langu. Wala sikulijibu. Kila mmoja aliandika aya moja nyumbani, akitaja hoja ya upande wa pili iliyomsumbua zaidi na jinsi anavyoijibu. Aya hiyo ni ya lazima, maana bila maandishi kesi inabaki kuwa mchezo, na wasiopenda kusema hadharani wanapotea.

Kazi ya tatu: kitabu na mahali pake

Riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, iliyotoka mwaka 2002, ina wahusika Peter na Zita, watoto wanaokosa shule kwa ajili ya ada na sare na kuishia kuokota jalalani. Jalala lenyewe ni la Tabata. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuuliza nyumbani: jalala la Tabata liko wapi sasa?

Majibu yalikuja na ubishi mwingi, kwa sababu jalala la jiji limehamahama. Baada ya Tabata lilikwenda Vingunguti, kisha Mtoni, hukuhuku Temeke, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Mwanafunzi anayeishi Mtoni alileta simulizi la bibi yake kuhusu moshi na nzi. Hapo niliwaeleza jambo lililo katika kumbukumbu za mahakama: mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala hilo, wakashinda.

Kisha nikauliza swali moja tu. Riwaya inatuonyesha watoto jalalani, haituonyeshi wakazi walioishinda halmashauri mahakamani. Kwa nini? Wapo waliosema mwandishi alitaka tuone umaskini, na ushindi wa mahakamani ungepoza uchungu. Wengine wakasema walioshitaki walikuwa na nyumba zao Tabata, ilhali mama ntilie na wanawe hawana cha kuwapeleka mahakamani. Hiyo ni hadithi ya watu wengine. Kijana mmoja akaenda mbali: jalala likihamishwa, waokota taka wanapata nini? Wanahamia lilikohamia. Darasa likanyamaza kidogo. Hili, wenzangu, ndilo suala la utabaka ambalo desa linaliandika kwa neno moja na kulipa maksi mbili. Safari hii walilifikia wenyewe, na walilijua linanukaje.

Vikwazo, na tusidanganyane

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni wingi wa wanafunzi na uhaba wa vitabu. Ni kweli. Katika kesi ya Ngoswe tulikuwa na nakala kumi na mbili tu. Lakini uhaba huohuo unaweza kutumika: nakala moja kwa watu sita inawalazimu wasome kwa sauti na kukubaliana palipoandikwa nini. Pasipo nakala kabisa, ukurasa mmoja ulionakiliwa ubaoni unatosha kwa kipindi kizima. Vikundi vya watu kumi na tano havifai. Watatu wa dawati moja wanafaa, maana hakuna pa kujificha.

La pili ni muda. Muhtasari ni mrefu, na mwalimu anaulizwa amefika mada ya ngapi. Sishauri kila kipindi kiwe kesi. Kipindi kimoja katika wiki mbili kinatosha kuonyesha kwamba kuna njia nyingine ya kusoma, na vipindi vinavyobaki vinabadilika taratibu vyenyewe, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea kuuliza ukurasa gani atakuuliza nawe ukiwa unatoa maelezo.

La tatu ni mtihani. "Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?" Niliulizwa hivyo siku ya kwanza, na lilikuwa swali halali, cheti ndicho kitakachomtoa mtoto huyo alipo. Nisiwadanganye: aliyekariri vizuri naye anafaulu. Maswali ya fasihi aghalabu hutaka hoja tatu kutoka kila kitabu, na hoja tatu zinakaririka. Hata hivyo swali linapoletwa kwa sura ngeni, aliyekariri hulazimisha orodha yake iingie, wakati aliyebishana anajua ni tukio gani linathibitisha nini. Hatugombani na mtihani, bali tunamwandaa mtu ambaye swali halitamshtua. Watunga mitihani nao wangetusaidia mno wakiuliza mara kwa mara: dai hili unalipinga au unaliunga mkono?

La nne ni adabu. Mwalimu mmoja wa siku nyingi aliniambia kwa upole kwamba nikiwafundisha watoto hawa kubisha, watakwenda kubisha na wazazi wao. Hofu hiyo siidharau. Lakini Kiswahili kina njia nyingi za kupinga bila kuvunja heshima, na washairi wetu wamejibizana kwa karne nyingi, wakianza na salamu kabla ya kupiga. Niliandika ubaoni maneno ya kuanzia: samahani Mwalimu, naomba nitofautiane nawe, mwenzangu amesema vema, ila ukurasa huu unasema vingine. Waliyatumia, mwanzoni kwa kicheko, baadaye bila kufikiri. Kupinga kwa staha ni sehemu ya adabu, nayo hufundishwa kama maamkizi yanavyofundishwa.

Hitimisho

Mwaka 1999 Kimani Njogu na Rocha Chimerah walitoa Ufundishaji wa Fasihi, kitabu kinachoiweka nadharia ya fasihi na mbinu za darasani chini ya paa moja. Sisi bado tunavitenga: nadharia ni ya mhadhara, mbinu ni ya kozi ya elimu, na siku ya mazoezi tunakwenda na desa. Napendekeza mambo mawili yasiyohitaji bajeti. La kwanza ni letu wanafunzi: katika andalio la somo tuache kuandika kwamba wanafunzi wanajadili katika vikundi. Tuandike swali lenyewe, na chini yake majibu mawili tunayotarajia yagongane. Tukishindwa kuyapata mawili, basi hilo bado si swali la kujadili. La pili nawaomba walimu wetu: mnapokuja kutukagua, pamoja na sauti yetu na mwandiko wetu ubaoni, hesabuni ni wanafunzi wangapi waliouliza jambo ambalo halikuwamo kwenye andalio.

Nasi humu kurasani tuanze na kazi zetu. Tukisema mwandishi fulani ni mwanamapinduzi, msomaji aruhusiwe kutuuliza ukurasa gani, na tuwe na jibu.